Kwa Waheshimiwa Wenye Mabango ya Barabara Namba 3

Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya mabango ya kihistoria, Jimbo la Virginia,

Shikamooni. Najua kwenu salamu hii haina jibu, lakini mimi nimelelewa Tanga. Siwezi kuwadai wazee kabla sijawaamkia.

Kazi yangu ni dereva wa gari la vifurushi. Kila siku natoka Fredericksburg kwenda Culpeper nikikatiza Kaunti ya Orange, kwenye malisho, ng'ombe weusi, makanisa madogo na mabango yenu. Hongereni. Tangu 1927 mmesimamisha zaidi ya 2,600 jimbo zima, kila moja na maneno yake yapatayo mia, yasomwe na mwenye gari. Mwaka 1927 gari lilikwenda likikohoa, mtu akisoma hadi nukta ya mwisho. Mimi nakwenda maili 55 kwa saa, na mgongoni nina lori la magogo. Basi historia yenu naisoma kwa mafungu: Jumatatu kichwa, Jumanne mstari wa kwanza, Jumatano mvua.

Juzi uzalendo ukanishinda, nikaegesha kwenye changarawe. Kwa karibu bango ni zuri: rangi ya fedha, herufi nyeusi zilizotuna hata kipofu angezisoma kwa kidole, na buibui kajijengea ndani ya herufi O. Juu kuna muhuri wa jimbo, mwanamke mwenye mkuki kamkanyaga mfalme dhalimu, taji limedondoka pembeni. Askari wa barabarani akasimama, akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia nasoma. Alinitazama kama niliyemwambia natambika.

Yaliyotokea hapa sasa ninayajua. Mwaka 1714 Gavana Alexander Spotswood aliwaweka Wajerumani waliotoka Siegen pale Germanna, ukingoni mwa mto Rapidan. Miaka miwili baadaye akaondoka hapohapo na mabwana wenzake kwenda kuvuka milima ya Blue Ridge. Mmoja wao aliandika shajara, na orodha yake ya vinywaji (divai nyekundu na nyeupe, brandi, ramu za aina mbili, shampeni na vinginevyo) ni ndefu kuliko sherehe ya harusi ya tajiri. Waliporudi, kila bwana akazawadiwa kiatu cha farasi cha dhahabu. Kwetu mtu akilewa mlimani hupewa maji na kupelekwa kwao.

Spotswood na watu wake mnawaita walowezi. Tatizo ni kwamba nasoma kwa akili ya Kiswahili, na wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikawa natafuta siku ya tatu. Nimegundua kwamba bwana Spotswood alilipokea jembe vizuri kabisa, akampa mtu mwingine. Tanuri lake la chuma, karibu na hapo, liliendeshwa kwa jasho la Waafrika watumwa. Kwenye mabango chuma kiliyeyushwa, nyumba zikajengwa, misitu ikafyekwa. Mwanangu wa miaka saba angeuliza, "Na nani, baba?" Ningemjibu tuko maili 55 kwa saa.

Msidhani sijaona mnavyojirekebisha. Mwaka 2020 wanafunzi walialikwa kupendekeza mabango ya historia ya Weusi, wakapendekeza. Watoto hawa wana macho kuliko sisi. Na humuhumu kaunti, ng'ambo ya lango la Montpelier, nyumbani kwa Rais James Madison, kuna kibanda cha George Gilmore, aliyezaliwa mtumwa pale. Alikijenga 1873, akiwa huru. Nilisimama mbele yake dakika kumi, vifurushi vikachelewa, na mteja mmoja ananilalamikia mpaka leo.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni mkono.

Usiku wa tarehe 2 Mei 1863, katika pigano la Chancellorsville, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Jenerali Stonewall Jackson wa jeshi la Kusini alipigwa risasi na askari wake mwenyewe, gizani, kwa makosa. Mkono wa kushoto ukakatwa. Kasisi wa jeshi akauchukua, akauzika katika makaburi ya familia pale Ellwood, shamba la nduguye, shamba la watumwa. Siku chache baadaye jenerali akafa, akazikwa Lexington, mbali. Mkono ukabaki Orange. Mwaka 1903 aliyekuwa ofisa wake akausimamishia jiwe, lenye maneno machache: kwamba huu ni mkono wa Stonewall Jackson, na tarehe.

Jiwe si lenu, nakubali. Lakini ndilo lililonifundisha kipimo cha heshima cha hapa. Mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti hii walikuwa watumwa, maelfu ya watu, kila mmoja na mikono miwili. Ya kufyeka, ya kupika, ya kunyonyesha watoto wa wenyewe, ya kuwatandikia farasi mabwana waliokwenda kulewa mlimani. Hesabu hiyo naifanya nikiwa kwenye usukani na sijaimaliza.

Kwa hiyo naomba bango, waheshimiwa, na nitachangia gharama. Rafiki zangu Wakongo wa Charlottesville wamesema nao watatoa. Liwekwe pale Germanna, upande wa changarawe, lori lisije likatupitia. Maneno mia ni mengi, hatuyahitaji. Hatuombi mwili mzima. Tunaomba mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto, mtachagua wenyewe, na jina la mwenyewe kama mnalo.

Wasalaam,
Dereva wa vifurushi, barabara namba 3