Hongera, Msanii wa Bure

Tuwapongeze wanamuziki wetu wa Unguja kwa kuepushwa na adha ya kuhesabu pesa. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, kisha watu wakazinunua. Usumbufu ulioje! Siku hizi mambo mepesi: msanii analipia studio, analipia video, halafu anambembeleza mwenye tovuti amwekee wimbo upakuliwe bure. Sokoni Darajani, kijana wa kibandani anakujazia nyimbo kwenye memori kadi na kulipwa papo hapo. Yeye si kafanya kazi? Kampuni ya simu nayo inauza bando. Msanii anavuna sifa, na sifa, alhamdulillahi, hazikatwi kodi. Akiishiwa, asubiri harusi atunzwe. Nawe msomaji, ukiupenda wimbo, tafadhali usimvunjie heshima mwenyewe kwa kumlipa.