Gia 21 na Mlima Mmoja

Kwenye fremu ya baiskeli yangu pamechorwa mlima wenye theluji kileleni, na pembeni yake pameandikwa kwa herufi nene kwamba hii ni baiskeli ya milimani. Ukiipindua magurudumu juu, ndipo unapokuta kibandiko kingine, cha herufi ndogondogo, kinachoonya kwamba chombo hiki kisirushwe, kisipitishwe kwenye mawe wala kisitumike nje ya barabara nzuri. Lakini nani anapindua baiskeli dukani? Dukani watu tunabonyeza shokapu. Unashika usukani, unabonyeza, mbele inazama na kunyanyuka, unamtazama muuzaji, muuzaji anatikisa kichwa kwa heshima zote, na biashara imekwisha.

Naishi Morogoro, mji ambao mlima hautafutwi. Ukifungua dirisha, Uluguru upo. Ukienda Msamvu kupokea mgeni, upo. Ukigombana na mwenye nyumba, upo pale juu na mawingu yake, unasikiliza. Kuwa na baiskeli ya milimani katika mji huu na kuikataza mlima ni sawa na kununua mtumbwi kwa sharti kwamba usilowe.

Bei ilikuwa Sh. 250,000, mpya, fremu bado imeviringishiwa maboksi. Kwa chombo chenye springi mbele na nyuma na gia 21, hiyo ni bei ya huruma. Nilipoifikisha nyumbani mke wangu aliizunguka kimya kimya, akainama, akachungulia katikati.

"Baba watoto," akasema, "na hii pikipiki, injini yake wamekwambia ukaifuate lini?"

Mtengenezaji wa baiskeli ya bei ndogo ana fedha kidogo na mahali pawili pa kuziweka: panapoonekana na pasipoonekana. Springi zinaonekana. Rangi inaonekana. Gololi za ndani ya ekseli hazionekani, wala grisi inayopaswa kuzizunguka. Fundi wangu alipofungua ekseli ya mbele alikuta grisi ya kuonja tu, na gololi zenyewe zimeshaanza kuwa za pembe nne. Uzito nao ni wa pasipoonekana. Niliitundika kwenye mizani ya jirani yangu anayenunua mpunga, ikatoa kilo 18. Zile zinazokimbizwa Olimpiki zina kilo kumi hivi. Tofauti yote hiyo ni vyuma vya kunifariji.

Na faraja yenyewe ina namna yake. Kila unapokanyaga pedeli, sehemu ya nguvu zako inakwenda kwenye gurudumu na sehemu nyingine inaishia kwenye springi, ambayo inakuzamisha kisha inakunyanyua. Ukichochea kwa bidii unakwenda barabarani huku unainama na kuinuka, unainama na kuinuka. Wazee wanaokaa barazani mtaani kwetu wananiitikia "marahaba" kabla sijafungua mdomo. Nasifiwa adabu mpaka msikitini.

Tuje kwenye gia, maana ndizo zilizonitoa nyumbani na laki mbili na nusu mfukoni. Mbele kuna sproketi tatu, nyuma saba. Tatu mara saba, 21. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jioni moja umeme ulipokatika nilikaa na tochi nikayahesabu meno. Mbele ni 42, 34 na 24. Nyuma yanaanzia 14 na kuishia 28. Ukiweka cheni kwenye 42 mbele na 28 nyuma, gurudumu linazunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukiweka 24 mbele na 16 nyuma, mara moja na nusu vilevile. Ni gia moja imeuzwa mara mbili! Na 34 kwa 20 ukiilinganisha na 24 kwa 14, tofauti yake hakuna goti litakaloitambua. Ukitoa pacha hao, kisha ukatoa na zile zinazoipeleka cheni mshazari, kutoka sproketi ya nje kabisa mbele mpaka ya ndani kabisa nyuma, ambako inalia na kujila yenyewe, zile 21 zinabaki nusu yake tu. Hiyo ni kwenye baiskeli yoyote ya namna hii, hata nzima. Kwenye yangu, zinazoitwa zikaja ni tatu.

Nazo zinakuja kwa saa zao. Nafika penye mwinuko, nazungusha mshikio, kitu kinasema kli. Hakuna kilichobadilika. Nazungusha tena: kli. Nashuka, nasukuma, nafika juu, napanda, naanza kuteremka kwa raha, ndipo ile gia ya kupandia niliyoiomba kule chini inaingia kwa kishindo na miguu inazunguka hewani bila mzigo. Watoto wa shule yetu wanaliona hilo wakiwa wamesimama foleni ya mihogo. Kesho yake ukiwafundisha uwiano wanaelewa haraka sana.

Breki zina kelele. Simaanishi kelele za kawaida. Nikikamata breki kwenye kona ya msikiti, nyumbani wanabandika chai. Wakati wa masika hali inageuka, kelele zinaisha na breki zinaisha nazo, kwa sababu rimu ni za chuma, na chuma kikilowa ule mpira unateleza tu. Unakamata breki mbele ya duka la dawa, zinakubali mbele ya baa. Nimeshasalimiana na wanywaji wengi ambao sikukusudia kuwatembelea, na mmoja amekuwa akiniulizia kila asiponiona.

Pedeli ya kushoto ina habari yake. Kwenye baiskeli yoyote duniani, pedeli ya kulia hukazwa kwa kuzungusha spana kulia na ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kushoto, ili mwendo wenyewe wa kuchochea usiifungue taratibu. Mafundi wote wanalijua hilo. Madereva wa bodaboda hawalijui, na yangu ililegea mbele ya kijiwe cha bodaboda, njia ya Bigwa. Vijana walinyanyuka wote, kila mmoja na spana yake kutoka chini ya siti.

"Mwalimu, kaa pembeni hapo kivulini."

"Jamani, hii ya kushoto inakazwa kinyume..."

"Mwalimu, sisi si ndiyo kazi yetu?"

Waligawana majukumu. Mmoja alishika usukani, mwingine gurudumu la nyuma, na mwenye misuli akazungusha kulia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kadiri alivyokaza ndivyo ilivyozidi kulegea, na kadiri ilivyolegea ndivyo alivyoishindilia, mpaka uzi wa kwenye mkono wa pedeli ukafa na pedeli ikabaki kiganjani mwake. Akaitazama, akawatazama wenzake. "Feki hii," akasema, na kijiwe kizima kikaafiki. Kisha wakajadiliana ni nani anibebe mimi na ni nani abebe baiskeli, kila mmoja kwa nauli yake.

Sasa upepo. Valvu za baiskeli hizi ni za aina ya gari, tofauti na zile za Phoenix ambazo kila pampu ya mtaani inazielewa. Hiyo inakulazimisha kwenda kwa wenye kompresa, na wenye kompresa wa Morogoro wako barabara kuu, mahali yanapopita malori ya Zambia na Kongo. Ubavuni mwa tairi langu pameandikwa kwamba upepo usizidi psi 65. Tairi la lori linapita 100 bila wasiwasi. Kijana alikuwa ametoka kushughulikia lori la Kongo, mkono wake bado una kipimo cha Kongo, akachomeka mpira wa upepo kwangu huku akiendelea kubishana na mwenzake habari za mechi ya Simba na Yanga. Nilinyanyua kidole kuomba nafasi ya kuchangia. Mlipuko uliofuata ulimlaza dereva chini ya lori lake mwenyewe, na mama muuza matunda wa upande wa pili wa barabara akafunga biashara kabla ya saa. Kijana alinipa pole ya dhati. Halafu akadai mia tano yake, kwa hoja kwamba upepo alikwisha uweka. Kutoka umetoka wenyewe.

Ndivyo nilivyokuwa mtu wa kudumu kwa fundi. Fundi wangu ni mzee wa Kiluguru, anafanyia kazi chini ya mkungu, na nikimpa shikamoo anaitikia halafu anaitazama baiskeli: "Mgonjwa ameamkaje?" Pale kwenye benchi lake nimekaa masaa ya kutosha kuona jambo ambalo muuzaji wa dukani hakuligusia. Watu wanaoupanda na kuushuka mlima huu kila siku, wale wa mkaa, wale wa ndizi wanaotokea upande wa Matombo, hawana gia hata moja ya ziada. Wana Phoenix, chuma cha Shanghai, madigadi mbele na nyuma, karia iliyoongezewa nondo. Kwenye kupanda wanasukuma. Kwenye kuteremka wanaketi juu ya mzigo, na breki ni kipande cha ndala kilichochomekwa juu ya gurudumu, kinakanyagwa kwa kisigino. Wananipita nikiwa bado naongea na springi zangu.

Siku moja nilimsimulia mzee asili ya baiskeli za milimani, maana nimeisoma. Huko California, kaskazini ya San Francisco, vijana wa Marin walikuwa wanajitupa mlimani kwa mashindano yaliyoitwa Repack, ya kwanza Oktoba 1976: mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilomita zisizofika nne. Baiskeli zao zilikuwa Schwinn kuukuu, za miaka ya 1930 na 1940, nzito, nyingi za gia moja, breki ya kurudisha pedeli nyuma. Wakifika chini grisi ya ndani ya ekseli imegeuka moshi, inabidi waifungue na kuijaza upya. Baadaye mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu maalumu kwa kazi hiyo, na kufika 1996 mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta.

Mzee alisikiliza huku akisugua tyubu kwa msasa.

"Kwa hiyo hao Wazungu walikuwa na Phoenix."

"Schwinn, mzee."

"Nzito?"

"Nzito sana."

"Gia moja?"

"Nyingi, moja."

"Na grisi walikuwa wanapaka wenyewe?"

"Wenyewe."

Akapaka solusheni, akaipulizia ikauke. "Mwalimu, wenzako walianza na gia moja wakaupata mlima. Wewe umeanza na 21 umenipata mimi. Niachie mpaka Alhamisi."

Alhamisi niliikuta imesimama chini ya mkungu kwa stendi ya miguu miwili. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa hakipo. Cheni ilikuwa imefupishwa, imepita moja kwa moja kwenye sproketi ya katikati mbele na moja aliyoichagua nyuma. Aliichagua kwa kunitazama miguu, hakuhesabu meno. Springi ya nyuma ameitoa, mahali pake kuna kipande cha bomba la maji kilichochomelewa. Karia imefungwa, madigadi yamefungwa, kwenye valvu amenipa vikofia vipya vya rangi ya njano bila malipo. Mlima wa theluji hakuugusa. Nilipanda, nikachochea, na kwa mara ya kwanza nguvu niliyoitoa ikafika kwenye gurudumu. Pale barazani wazee hawakuniitikia. Mmoja alisikika akisema mwalimu siku hizi ana majivuno.

Vipuri vilivyotolewa mzee alivitia kwenye kopo la Blue Band na kuviweka mezani. Nilimuuliza kama atanipunguzia bei kwa ajili ya gia 20 zilizobaki kwake. Akasema zikipata mteja tutagawana. Sikutarajia mteja. Lakini alipatikana, kijana mmoja wa ndizi, aliyelipa Sh. 3,000 kwa ule mshikio wa kubadilishia gia peke yake, bila waya wala kingine chochote. Nusu yangu niliipata, kwa kukatwa deni la kiraka.

Nilikutana naye wiki iliyofuata, njia ya Bigwa, jioni, yeye anarudi kwao mlimani na karia tupu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alinikaribia nyuma amesimama kwenye pedeli za Phoenix yake, na ule mshikio wangu umefungwa kwenye usukani, haujaunganishwa na kitu: kli, kli, kli. Aliponifikia ubavuni akapunguza mwendo kidogo kwa adabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hiyo ni gia ya ngapi?"

Akazungusha tena, akasikiliza. "Ya saba, mwalimu," akasema, akanipita.