Betri Hutuhumiwa Kwanza

Miongoni mwa vifaa vyote vinavyoshirikiana kuamsha injini ya gari, betri ndiyo hutuhumiwa kwanza na kuhukumiwa bila kusikilizwa, na sababu yake si ya kitaalamu hata kidogo: betri huonekana mara boneti inapofunguliwa, huuzwa dukani na hubebeka mkononi, ilhali unga mweupe uliojificha ndani ya taminali, yaani kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri, hauna duka wala risiti.

Mfumo wenyewe una njia mbili za umeme, na asiyezitenganisha hubaki kubahatisha. Njia ya kwanza ni nyembamba: hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi na swichi ya ufunguo, na katika magari ya gia otomatiki hupita pia katika swichi ndogo inayolizuia gari lisiwake gia ikiwa imeachwa kwenye D, kisha huishia kwenye solenoidi, ambayo ni sumaku ya umeme iliyobebwa mgongoni na stata. Njia ya pili ni nene, nayo hupeleka umeme moja kwa moja kwenye stata, yaani mota inayozungusha injini mpaka iwake, na kuurudisha kwenye betri kupitia chuma cha gari, njia ambayo mafundi huiita athi. Ufunguo ukigeuzwa, mkondo mdogo huivuta solenoidi, nayo husukuma gia ndogo ya stata ishike meno ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, na papo hapo kuunganisha vipande viwili vya shaba, ili ampea 100 hadi 200, kwa gari dogo la petroli, zipate kupita.

Kwa hiyo gari linaloshindwa kuwaka halinyamazi tu, bali hutoa maelezo. Kimya kitupu huelekeza macho kwenye njia nyembamba, mlio mmoja mzito wa “ko!” humaanisha kwamba solenoidi imevuta lakini shaba zake zimeungua, au kaboni za stata, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimelika, na “ka-ka-ka” ya haraka hutokea pale solenoidi inapovuta, volti zikaporomoka, ikaachia, volti zikapanda, ikavuta tena, mithili ya mtoto anayepiga hodi na kukimbia kila mlango unapofunguliwa.

Tatizo ni kwamba maelezo hayo hayasikiki, kwa kuwa gari lililogoma barabarani huzalisha wataalamu kwa kasi ambayo hakuna chuo kilichowahi kuifikia. Muuza mahindi hushauri fyuzi, dereva wa bodaboda hushauri plagi, na mzee mmoja, ambaye hakosekani, hueleza jinsi magari ya zamani yalivyowashwa kwa hendeli, bila kutaja mikono iliyovunjwa na hendeli hizo kabla stata ya umeme ya Charles Kettering haijawekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kettering alitambua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo unaoizidi, mradi tu iubebe kwa muda mfupi, na hapo ndipo kauli ya umma ya “piga tena, piga tena!” inapopingana naye moja kwa moja, kwani stata inayolazimishwa kwa zaidi ya sekunde 10 bila kupumzika huanza kujipika. Baada ya hapo gari husukumwa. Magari mengi ya Dar es Salaam, yaliyofika yakiwa yameshatumika Japani, ni ya gia otomatiki, na hayo hayawaki kwa kusukumwa, maana pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini ileile iliyolala. Husukumwa hata hivyo, kwa moyo wote.

Ushahidi unaopotosha kuliko wote ni ule wa taa. Hoja hudai kwamba taa zikiwaka vizuri, nyaya ni nzima, nayo husahau hesabu: taminali chafu yenye ukinzani wa omu 0.01 huzipunja taa za mbele, zinazotumia ampea 10 hivi, volti 0.1 tu, lakini stata ikidai ampea 200, taminali hiyohiyo humeza volti 2. Mita husema kweli kwa bei ndogo: betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, na stata inapopigwa haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au karibu na hapo; kisha ncha moja ya mita hugusishwa nguzo ya betri na nyingine taminali yake wakati ufunguo umegeuzwa, na volti yoyote ya maana itakayosomeka hapo ni volti iliyoibwa.

Mmiliki aliyekosa dakika 5 za kupima hununua betri mpya, na fundi, kabla ya kuifunga, hukwangua taminali kwa msasa na kuziosha kwa maji ya moto, kwa sababu ndiyo desturi ya kazi. Gari huwaka mara moja, na sifa zote huiendea betri. Ile ya zamani huachwa gereji kama chuma chakavu, kwa kuwa ni nzito na inachafua buti, na si ajabu mmiliki huyo, akirudi wiki tatu baadaye kubadilisha oili, akaombwa asogeze gari lake kidogo ili pikapu ya fundi, isiyo na boneti, ipate kupita, akaisikia ikiwaka kwa mpigo mmoja, na ubavuni mwa betri yake akasoma herufi za jina lake mwenyewe, alizozichora siku ile alipoinunua, kwa kuhofia wezi.