Kadi ya Etudia

Kadi ilifika nyumbani ikiwa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya bahasha, bahasha ndani ya Biblia, na Biblia kwapani mwa mdogo wangu, ambaye tangu apate nafasi ya chuo kikuu Goma hakuna tena anayemwita kwa jina lake. Ni Etudia. Hata mbuzi wakivamia maharagwe, mama huita, "Etudia, mbuzi!" kwa sauti ya mtu anayemwita waziri.

Ilikuwa Pasaka ya 2021. Baba alikuwa anakamua maji kwenye jibini. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaishika kadi kwa ncha za vidole, akaigeuza, akainusa.

"Iko na feza ngapi ndani?"

"Hakuna kitu, papa. Bado."

"Basi ni ya nini?"

Etudia alikuwa amekwenda benki moja pale Goma kuomba kadi ya mkopo, ile aliyoiona kwenye filamu, ambapo mwanafunzi wa Marekani anatia saini leo na kesho anakula piza kwa deni. Benki ikamwomba karatasi ya mshahara. Hana. Kiwanja chenye hati? Hana. Mdhamini ambaye mshahara wake unapitia benki? Hapo Etudia aliupitia ukoo mzima kichwani, Masisi hadi Walikale, asimpate hata mmoja ambaye mshahara wake unapita popote. Basi wakampa Visa ya kujaza: unaweka kwanza fedha yako, kisha unatumia fedha yako hiyohiyo, na kila inapogeuka wanakata kidogo. Nilimwambia huo si mkopo, hiyo ni soksi ya bibi yenye makato.

Baba alitaka kujua hao wanafunzi wa Marekani wanaaminiwaje. Etudia, ambaye alikuwa amejisomea, akaeleza kwamba hata kule mambo yamebanwa: tangu 2010 sheria inamtaka kijana ambaye hajafikisha miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe, la sivyo atafute mtu mzima wa kubeba deni pamoja naye.

Baba akatikisa kichwa, ameridhika. "Kumbe nao wana mjomba."

Kwetu mjomba ni ofisi kamili. Baba ni Mhunde wa Masisi, mama ni Mnyanga wa Walikale, na kaka yake mama anakaa Njingala, pale inapoanzia njia ya kupandia machimbo ya Bisie. Anauza mawese, chumvi na buti za mpira. Alianza biashara hiyo enzi zile wachimbaji walipokuwa wakishusha kasiterite, mawe ya bati, mgongoni mwendo wa siku nzima msituni, na ndege zikitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo kuibeba. Sasa Bisie kuna kampuni yenye mitambo, nayo ilianza kuzalisha 2019, lakini mjomba bado anauza buti. Jambo lolote la fedha nyumbani kwetu lazima limpitie kwa simu, tena kwa kupiga kelele, kwa sababu mtandao wa Njingala unakuja na kuondoka upendavyo.

Shida yenyewe ilikuwa kompyuta. Etudia alikuwa akiandika kazi za chuo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na Birere, kwenye maduka ya Goma, kulikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika ya dola 250. Kadi tupu haikuweza kuinunua. Tukarudi kwenye sanduku la mama.

Mama ni mwanachama wa AVEC, kikundi cha akiba na mkopo. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo umefika kwetu hata mahali ambapo benki haijawahi kupita ikiuliza njia. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mimi ndiye wa ufunguo wa pili, kwa hiyo siku mama alipoomba mkopo nilikuwa nimeketi mbele kabisa. Katibu anaita namba za wanachama, mmoja mmoja. Anayeitwa anasogea, anataja hisa anazonunua, moja hadi tano, anaweka franga kwenye beseni la bluu, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake mbele ya macho ya wote. Pembeni kuna beseni jekundu, la faini. Kuchelewa kuna faini. Kunong'ona wakati fedha inahesabiwa kuna faini. Simu ikilia, faini.

Anayekopa hawezi kuzidisha mara tatu ya akiba yake. Kikundi cha mama kinadai asilimia 5 kwa mwezi, na mwisho ni miezi mitatu.

"Mkopo wa nini?" akauliza mwenyekiti.

"Wa biashara," akasema mama.

"Biashara gani?"

Simu ya mama ikalia. Alikuwa mjomba, anataka kujua kikao kimefika wapi. Mama akaizima, akatupa noti kwenye beseni jekundu bila kungoja kuambiwa, akarudi kwenye swali.

"Biashara ya kichwa cha mutoto."

Wanawake wakacheka, na mwenyekiti, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa anasoma Bukavu, hakuuliza tena. Akiba ya mama, kwa hesabu ya wakati ule ya franga kama 2,000 kwa dola, ilifika dola 90. Akapewa sawasawa na 250. Kwenye daftari liliandikwa jina lake, si la Etudia, na hakuna aliyeona ajabu.

Jioni hiyo kikaja kikao cha pili, cha namba ya siri. Etudia alikosea kutamka mbele ya wazee kwamba kadi inahitaji tarakimu nne za kuchagua mwenyewe. Neno "mwenyewe" halikusikika.

Baba alitaka 1993. Mtu wa Masisi au Walikale hahitaji kuelezwa. Ni mwaka wa vita iliyoanzia sokoni Ntoto mwezi Machi, na tangu hapo watu wetu wanahesabu umri wao kwa kuondoka na kurudi. "Huo mwaka," alisema baba, "hata mwizi akiniamusha usiku siusahau." Mama akasema mwaka wa vita haufai kuwekwa kwenye fedha. Yeye alitaka 2002, Januari, volkano ya Nyiragongo iliposhusha moto katikati ya Goma, maana siku hiyo dada yake alipona na cherehani yake. Mjomba, ambaye simu yake ilikuwa imewekwa juu ya mtungi wa maji ili ishike mtandao, akapiga kelele kwamba hao wote wanacheza: namba ni 2010. Septemba ya mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini Kivu na Maniema, na ukafungwa hadi Machi 2011. Wadeni wote wa mjomba wakatoweka msituni na buti zake miguuni. "Fedha ikae na mwaka unaoogopa deni!"

Etudia ni mtoto mwenye adabu. Akamwambia baba, "Ndiyo, papa." Baadaye jikoni akamwambia mama, "Ndiyo, mama." Na kwenye simu, "Ndiyo, mjomba, 2010."

Akarudi Goma. Noti moja ya dola 20 ilikuwa na tundu la pini, nayo ikakataliwa dirishani, kwa sababu dola huku kwetu haina haki ya kuzeeka. Akaiuza kwa wabadilisha fedha wa barabarani kwa hasara. Nyingine zote akaziingiza kwenye kadi. Sababu aliyotupa ni kwamba chumba chao cha wanafunzi kina kufuli moja na watu wengi. Sababu aliyonipa mimi ni kwamba alitaka, angalau mara moja, alipe kitu kwa kadi. Muuzaji wa Birere alipoonyeshwa ile Visa alicheka mpaka akatafuta kiti. Etudia akaona aibu kurudi siku hiyo na noti mkononi. Akasema atasubiri bei ishuke.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, Nyiragongo ikapasuka. Moto ulishuka ukasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi ikaendelea kutikisika kwa siku kadhaa, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, wengine wakapanda boti za Bukavu, wengi wakashika barabara ya Sake kwa miguu. Etudia alikuwa miongoni mwao, godoro kichwani. Alipofika kwetu mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamshukuru Mungu, akamlisha. Kisha baba akauliza.

"Feza iko wapi?"

"Kwenye kadi, papa."

"Na kadi?"

Etudia akafungua Biblia. Ipo.

"Basi toa."

Hapo ndipo ikabidi aeleze kwamba fedha ipo hapa lakini haipo hapa, kwamba iko Goma ndani ya benki iliyofungwa, na watu wa benki wenyewe wamekimbia. Baba aliichukua kadi akaielekeza kwenye mwanga wa taa, pengine kitu kingeonekana. Mama alisema neno moja tu: sanduku lake, volkano ikija, unalibeba.

Juni watu walianza kurudi Goma. Riba ya mama haikuwa imehama kwenda popote. Mwanzoni mwa Julai baba akaamua kwenda mwenyewe, nami nikaenda naye kwa kuwa nilikuwa na jibini ya kuuza. Mvua ilikuwa imeacha, barabara ya kutoka Masisi ilikuwa ya vumbi badala ya tope, na pikipiki zilifika Sake bila kuanguka. Hiyo nayo ni bahati.

Mashine ya benki ilikuwa ndani ya kibanda cha kioo cha mtu mmoja. Mlinzi akasema tuingie mmoja mmoja. Baba akamjibu, "Sisi ni mtu mmoja," tukaingia watatu na gunia la jibini, na simu yangu mkononi, mjomba akiwa hewani.

Nilikuwa ubavuni mwa Etudia, kwa hiyo niliona vidole vyake. Kidole kilikwenda kwanza kwenye saba. Kikasimama. Nyuma yake baba alivaa miwani na kusogea. Kidole kikatoka kwenye saba, kikashuka taratibu kwenye moja, halafu tisa, tisa, tatu. Mashine ikakataa.

"Ulibadilisha?" akauliza baba.

"Hapana, papa. Labda niliweka ya mama."

Mbili, sifuri, sifuri, mbili. Ikakataa. Jasho lilikuwa linamshuka Etudia nyuma ya sikio. Nilimkanyaga mguu, nikimaanisha aache. Lakini mjomba alikuwa amesikia, na simu yangu ina spika kubwa.

"ELFU MBILI NA KUMI! NILISEMA!"

Watu waliokuwa foleni nje wakageuka wote. Etudia akaandika 2010 mbele ya umma. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaimeza kadi, ikatutakia siku njema kwa Kifaransa.

Usiku tulilala kwa ndugu huko Ndosho, na nilimbana hadi akasema. Namba ilikuwa 7480. Ni mwisho wa simu ya msichana mmoja anayesomea uuguzi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuiandika, fedha ya mama ilikuwa mle.

"Yaya, papa angeniuliza 7480 ni mwaka gani."

Benki ilidai barua ya maombi, nakala ya kadi ya mpiga kura, malipo ya kadi mpya, na subira, kwa sababu kwenye mashine yao jina lake la tatu lilikuwa limeachwa. Kikundi cha mama hakikudai karatasi yoyote. Kilidai fedha. Baba akauza ndama. Jibini ikatoa kidogo. Mjomba, baada ya kulaani mabenki yote, akatuma dola 100 kwa simu. Wakala wa Masisi hakuwa na noti za kutosha, akatupa kwa mafungu. Deni lilikamilika siku ya mwisho, mbele ya beseni la bluu, na kitabu cha mama kikagongwa muhuri. Simu yake ikalia wakati uleule. Beseni jekundu.

Nikitangulia kidogo: kompyuta ilinunuliwa Agosti, kwa noti, pungufu ya bei ya kwanza kwa sababu herufi za kibodi yake ni za Kiarabu. Etudia anaandika kwa kukumbuka. Ndama hajarudi, na mjomba anasema dola zake 100 hazidai, jambo linalomtisha mama kuliko kama angezidai.

Kadi mpya ilipotoka, baba alisisitiza kumsindikiza tena. Binti wa dirishani akampa Etudia kile kimashine kidogo, akamwambia achague namba na afunike kwa mkono. Baba alielewa. Akageuka akatazama ukuta, kwenye tangazo la akiba ya watoto, akaanza kukohoa kwa nguvu ili asisikie hata mlio wa vitufe. Alikohoa hadi binti akamuuliza kama anahitaji maji.

Simu yake ikalia. Ni Njingala. Mjomba alitaka tu kuhakikisha kwamba safari hii wameweka 2010.

"Ndiyo, shemeji," akasema baba, bado ameuelekea ukuta. "Tumeweka."