Braza, Una Kesi Iringa?

Ukitaka kujua safari ndefu ya baiskeli humchosha mtu wapi, usiiulize miguu. Miguu ndiyo ya mwisho kulalamika. Huanza makalio, ambayo kabla hujaimaliza Kibaha yameshafungua mashtaka. Vinafuata viganja, kisha shingo, kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto ambacho maisha yako yote ulidhani hakina kazi. Halafu, wakati miguu bado inanyonga bila kinyongo, akili inazima. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu akili iliyochoka haisemi kwamba imechoka. Inaendelea kutoa amri, nawe unaendelea kutii.

Mimi nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Iringa, karibu kilomita 500 za barabara kuu ya TANZAM, juu ya baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi ambazo nusu yake ni mapambo. Nilikuwa peke yangu, na hilo huzidisha mambo. Mkiwa wawili, mmoja akianza kusema upuuzi mwenzake atamwambia, "Tupumzike." Ukiwa peke yako unasema upuuzi na kuupitisha kwa kauli moja. Mbele kidogo ya Chalinze, jua la saa saba likiwa utosini, nilisimama kwenye kibao cha barabarani nikajaribu kutoa kumi na nane kwenye arobaini na mbili. Nilipata majibu matatu. Nikachagua lile dogo, nikaendelea.

Wenye elimu ya mwili hawashangai. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na mtu akinyonga kwa nguvu akiba hiyo humtosha saa moja na nusu, mbili akijitahidi. Ubongo nao hutegemea sukari iliyo kwenye damu. Ikipungua, ndipo hesabu za darasa la pili zinapogeuka mtihani wa taifa. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa mashindano hula wakiwa juu ya tandiko, kabla njaa haijabisha hodi. Sisi kwa upande huo tumebarikiwa, kwani barabara yote hiyo ni jiko: mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi, chapati za asubuhi zinazouzwa jioni. Nilikula kila kilichoinuliwa mbele yangu. Juu ya vyote naiweka chai ya rangi yenye sukari ya kutia aibu. Sijaona dawa ya uchovu inayofanya kazi haraka namna ile, wala ya bei ile.

Lakini kuna uchovu ambao chai haiugusi, nao ni wa kujieleza. Kila kituo unaulizwa unakotoka, unakokwenda, na kama hujui kwamba kuna mabasi. Karibu na Mikese bibi mmoja alitoka nyumbani kwake mbio, mkononi ana sufuria lililotoboka kitako. Aliona baiskeli, akaona viroba vimefungwa nyuma kwenye keria, akakata shauri.

"We mwanangu wa vyuma chakavu! Simama hapo!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kilo mnanunua shilingi ngapi siku hizi?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikaiona hotuba nzima mbele yangu: kwamba si mnunuzi, nasafiri tu, hapana bibi, si kazi, hapana, hakuna anayenilipa, ndiyo, mke wangu anajua, ndiyo, mabasi nayajua. Nikaipima hotuba hiyo na noti ya elfu mbili iliyokuwa mfukoni. Noti ilikuwa nyepesi zaidi.

"Elfu mbili, bibi."

Aliipokea haraka mno, nikajua bei ya soko iko chini ya hapo. Kisha akageuka akaita kwa sauti iliyofika Morogoro kabla yangu, "Mama Asha! Toa na ile pasi! Huyu analipa vizuri!" Pasi ya mkaa ya zamani ni chuma kitupu. Mtu ambaye dakika tano nyuma alikuwa hawezi kuinua chupa ya maji aliondoka pale kwa kasi ambayo baiskeli ile haijapata kuiona. Nguvu zilikuwapo muda wote, zimejificha tu zikisubiri sababu ya maana.

Usiku ule, kwenye gesti moja ya Morogoro, mhudumu alinisogezea daftari la wageni. Jina, niliandika. Kazi, niliandika. Kwenye kabila nikaandika "baiskeli". Hakusema neno, ila asubuhi alinigongea mlango akiita, "Mbaiskeli, chai tayari." Katikati ya hapo, mnamo saa nane za usiku, chafu la mguu wa kulia lilikaza nikapiga kelele ambayo kwenye gesti zetu, zenye kuta za kusikilizana, inaweza kueleweka vibaya. Mhudumu akaja kuuliza kama kuna usalama. Nikajibu, "Mguu!" Kimya kidogo, halafu kutoka chumba cha pili dereva nisiyemwona akasema kwa utulivu wa mtu aliyeyaona mengi, "Chumvi, braza."

Kuhusu kinachoukaza msuli, wataalamu bado wanabishana. Shati langu hata hivyo halikuhitaji mtaalamu. Lilikuwa na ramani nyeupe ya chumvi toka begani hadi kiunoni, na yote ilitoka kwangu. Maji matupu mengi kwenye jua namna hiyo hayatoshi, na ukiyazidisha yanaweza hata kukudhuru, kwa kuwa yanazidi kuipunguza makali chumvi iliyobaki kwenye damu. Toka siku hiyo nilichanganya ule mchanganyiko wanaofundishwa akina mama kliniki kwa ajili ya mtoto anayeharisha: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Ladha yake ni ya machozi yaliyotiwa sukari. Inafanya kazi.

Kuhusu Mikumi nitasema kwa ufupi. Barabara inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50, na mbao za mlangoni zinamtajia dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga. Niliisoma orodha yote. Mwendesha baiskeli hayumo, si kwa anayegonga wala kwa anayegongwa. Wazee wa Doma walikuwa wameshaniambia kwamba simba hajui kama barabara ile ni ya umma, kwa hiyo baiskeli ilikuwa juu ya Fuso, na mimi nililala juu ya magunia ya mahindi nikapitwa na hifadhi nzima. Watalii hulipa dola kwa nilichokilalia. Atakayesema nimedanganya safari namkumbusha Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyezunguka Afrika kuanzia mwaka 1931 hadi 1936, kilomita zipatazo 40,000. Anakumbukwa kwa baiskeli, lakini njiani alipanda pia farasi, ngamia na mtumbwi. Fuso langu lina ukoo wa heshima.

Basi tufike Kitonga. Ukishatoka Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na mafungu ya vitunguu, barabara inakuchezea kidogo bondeni, halafu inasimama wima. Nilishuka nikaanza kukokota. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu anayekokota baiskeli na lori la Tunduma lililosheheni wana mwendo mmoja. Kando ya lori alikuwa akitembea utingo, gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi gari likishindwa. Tukawa tunapanda sambamba, mimi, yeye na tairi.

"Unakwenda wapi, braza?"

"Iringa."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Una kesi Iringa?"

"Hapana."

Hatua kadhaa. "Umeachwa?"

"Hapana, bwana. Natembea tu."

Akatazama mzigo wangu. "Na hilo sufuria?"

"Nimelinunua."

Akanyamaza mpaka tukaimaliza kona nzima. Nilijua ananihurumia, kwani alipofungua tena mdomo alisema kwa upole, "Vijana wengine hushika nyuma ya lori wakavutwa. Wewe usishike." Hakuwa na haja ya kuniambia. Mtu anayetembea na gogo la kulizuia lori lisirudi nyuma ni ushahidi tosha kwamba lori hurudi nyuma. Kisha akanipa shauri lililonisaidia kuliko yote niliyoyasoma kabla ya safari: "Usitazame juu. Tazama tairi lako. Mlima utaisha wenyewe." Akavunja kipande cha muwa alioufunga kiunoni, akanipa. Nilitazama tairi. Niliona kila kokoto la Kitonga, vifuniko vya soda, ganda la muhogo, na skrubu moja ambayo hadi leo nawaza ilitoka kwenye gari gani. Nilipoinua macho, barabara ilikuwa imelala, na lori limekwisha kunipita likinguruma kuelekea Ilula. Utingo alikuwa kesharudi kwenye kiti chake, gogo likining'inia dirishani.

Sufuria niliwaachia akina mama wauza nyanya wa Ilula. Mmoja wao aliligeuza, akachungulia kwenye tundu, akaniuliza nataka shilingi ngapi. Nikamwambia bure. Akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo msomaji, ukiwaza safari hii, nakuomba uifanye. Toka saa kumi na moja alfajiri, lala chini ya mwembe saa sita hadi saa tisa bila kuona haya, kula kabla hujaona njaa, na kwenye viroba vyako bandika karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SINUNUI VYUMA. Jambo moja zaidi, ambalo mimi hakuna aliyenitahadharisha: barabara kuu haiingii Iringa mjini. Inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu ya kilima. Baada ya kilomita zote hizo kuna mlima mwingine, mfupi na mkali. Weka akiba ya pumzi, au weka akiba ya nauli ya bajaji. Mimi nilikuwa na nauli.