Barua ya Wazi kwa Idara Isiyoamini Kwamba Nililala

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Fedha,
katika kampuni ambayo jina lake nimelisitiri kwa heshima ya mkataba unaokaribia kuisha.

Mheshimiwa,

Hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, Burundi, nimeipokea barua yenu inayonijulisha kuwa dai langu la malazi ya Gitega limekataliwa, kwa kuwa "hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mdai alilala." Niliisoma kwa sauti hapa uani, na mzee mmoja jirani, karani mstaafu, akaniomba nakala akaiweke na vyeti vyake. Anasema katika utumishi wake wote aliona watu wakiadhibiwa kwa kulala kazini, lakini hajapata kumwona anayeadhibiwa kwa kushindwa kuthibitisha kuwa amelala.

Mimi, kama mnavyojua, ni fundi umeme wa mkataba. Sina pensheni, sina bima, sina kiti ofisini kwenu. Nina koleo, nina testa, na nina kile kifungu kinachosema kwamba nikifanya kazi nje ya kituo changu, malazi ni juu ya kampuni. Nakipenda kifungu hicho. Kimeandikwa kwa Kifaransa kizuri, kina mhuri pembeni, na hadi leo hakijamlaza mtu.

Nianze na suala la kituo. Mkataba wangu, ambao huhuishwa kila mwaka kutoka nakala ileile ya zamani, unasema kituo changu ni "mji mkuu". Ulipoandikwa mara ya kwanza sote tulijua ni wapi: nilitia saini Bujumbura, huku nikitokwa na jasho la Bujumbura. Kisha ikaja sheria ya mwanzoni mwa mwaka 2019. Gitega ikawa mji mkuu wa siasa, Bujumbura ikabaki mji mkuu wa uchumi. Ofisi zikaanza kupanda mlima, na kwa kuwa ofisi haipandi mlima bila waya, soketi na taa, nanyi mkanipandisha.

Na sheria sina ugomvi. Ninachostaajabia ni jinsi mlivyofanikiwa kuitumia miji mikuu yote miwili juu ya mgongo wa mtu mmoja. Nikidai malazi, mnaniambia kituo changu ni mji mkuu, yaani Gitega, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Nikidai nauli ya kurudi, mnaniambia nyumbani ni Bujumbura, na hakuna anayelipwa nauli ya kurudi kwake. Kwenye malazi mimi ni mwanasiasa, kwenye nauli mimi ni mfanyabiashara. Kwenye mshahara ndipo narudi kuwa fundi.

Nilipokata rufaa mkanitolea kanuni ya umbali: aliyetumwa chini ya kilomita 100 anatarajiwa kurudi kulala kwake. Mhasibu wenu akaweka rula kwenye ramani ya ukutani, akapata kilomita sitini na kitu. Hesabu yake ni sahihi kabisa, kwa kunguru. Barabara haikushauriwa. Inaanzia huku ziwani, kwenye mita kama 800 juu ya usawa wa bahari, inajipinda na kupanda hadi Bugarama, kwenye ukungu na mafungu ya kabichi na karoti, ndipo inapogeuka kuelekea Gitega, na ukifika umekwisha kula kilomita kama 100. Kwenye mpando ule vijana wa baiskeli hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu. Nadhani mtu wa idara yenu aliwaona siku moja, akawaandika kuwa ndio usafiri wa wafanyakazi.

Na hapo nazungumzia siku yenye mafuta. Miaka hii gari la Probox linaweza kulala kwenye foleni ya kituo cha petroli usiku mzima, na dereva wake ndani. Namwonea wivu dereva huyo, maana yeye akidai malazi atakuwa na mashahidi wa foleni nzima.

Kiwango chenyewe cha malazi mlikipanga kabla ya Mei 2023, pale Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha faranga na bei rasmi ya dola ikapanda kwa takribani asilimia 38. Sabuni iliipata habari hiyo mapema. Mchele uliipata. Wenye nyumba za wageni wa Gitega waliipata. Kiwango chenu hakijapashwa habari mpaka leo, na nashukuru kwamba katika nchi hii kuna kitu ambacho bado kina utulivu. Juni ya mwaka huohuo benki hiyohiyo ilipoziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, ilitupa siku kumi za kuzirudisha, na watu wakajazana madirishani. Ninyi hunipa siku tano kuwasilisha risiti. Nusu ya muda ambao taifa zima lilipewa kubadilisha noti zake!

Sasa, kwa kiwango hicho, mlango unaofunguka Gitega ni wa mama mmoja mjane anayepangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Chumba ni safi. Asubuhi kuna ndoo ya maji ya moto, na ukichelewa kutoka kazini unakuta maharagwe yamefunikwa kwa sahani. Mama huyu hana fakture za kuchapwa, hana mhuri, hana NIF, ile namba ya mlipa kodi, na mashine ya kutoa risiti zinazotambuliwa na OBR, mamlaka ya mapato, ameisikia redioni tu. Alicho nacho ni daftari la shule la mjukuu wake, ambamo ameandika jina langu, tarehe na kiasi, kwa mwandiko ulionyooka kuliko vitabu fulani vya hesabu nilivyoviona vikiwa wazi kwenye meza zenu nilipokuja kubadilisha balbu. Mkaukataa ukurasa huo kwa sababu mgongoni mwake kuna hesabu za kugawanya. Nikawaletea ujumbe wa Lumicash, pesa za simu, unaoonyesha kwamba nilimlipa. Mkajibu kuwa ujumbe unathibitisha kwamba pesa zilikwenda, hauthibitishi kwamba usingizi ulikuja.

Mhasibu wenu msaidizi, kijana mwenye huruma, akanivuta pembeni. "Kaka, tafuta risiti." Hakusema tafuta pa kulala. Nikaenda kuitafuta. Kuna nyumba za wageni ambazo unapofika kaunta, hata hujataja jina lako, binti anakuuliza kwa upole, "Tuandike ngapi?" Ni mwenye adabu, hana nia mbaya, na ameshawahudumia wengi kutoka ofisi nyingi. Ukimwambia andika kile nitakacholipa, anakutazama kama mtu aliyeomba chai isiyo na maji. Nikamwuliza, je, naweza kununua risiti bila chumba? Akasema inawezekana, na ni nafuu zaidi, kwa sababu hakuna shuka za kufua.

Mnaona mlipotufikisha, Mheshimiwa. Aliyelala kwa mjane kwa bei ya kweli hana ushahidi. Aliyelala kwenye kiti cha basi huku ana risiti ya kitanda anao. Kisha mnaajiri mkaguzi aje kuzichunguza risiti, naye hutoka Bujumbura, na yeye pia lazima alale mahali.

Mlipendekeza nifikie kwa jamaa. Ninaye, shemeji yangu wa upande wa mke. Mtu wa Bwiza haendi ukweni mikono mitupu: kuna sukari, kuna sabuni, kuna kreti ya Fanta kwa watoto, na mkubwa wao ana daftari na kalamu za kununuliwa. Kufikia hapo nimeshaipita bei ya chumba cha mjane, na bado sijakaa. Wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Fundi umeme hupewa bisibisi kabla hajavua viatu. "Shemeji, kwa kuwa Mungu amekuleta, hebu iangalie ile swichi ya jikoni." Baada ya swichi ni taa ya uani, baada ya taa ni pasi ya jirani, na usiku wa manane nimelala sebuleni na watoto wawili, mmoja wao akiwa bado ana maswali kuhusu umeme. Asubuhi nafika kazini kwenu nikiwa nimeshamaliza zamu nzima. Kwa huduma hiyo shemeji naye hatoi risiti. Ukimwomba, utakuwa umeandika talaka kwa mkono wako mwenyewe.

La blanketi nilipenda kulinyamazia, lakini limekwisha fika kwa mwanasheria wenu. Gitega iko kwenye mita kama 1,500, na damu yangu imezoea joto la ziwa. Nilinunua blanketi la kawaida, nikaliandika kwenye dai. Likakataliwa kwa sababu blanketi si malazi. Blanketi, mkafafanua, ni mali ya kudumu, hivyo lipewe namba ya orodha ya vifaa, libandikwe karatasi, na lirudishwe stoo mkataba ukiisha. Nimelibandika. Linawasha.

Ninachojua ni kwamba hamkuanza kutoamini watu jana, na hamwanyimi imani wote. Mkurugenzi akipanda Gitega analipwa kiwango kizima cha siku, kabla hajaondoka, na hakuna anayemwuliza alilala wapi. Nasikia mara nyingine hurudi jioni hiyohiyo kwa gari la kampuni, lenye mafuta. Wenzetu wa Umoja wa Mataifa, ambao Bujumbura hii tunapishana nao kila siku, nao hulipwa posho ya siku kwa kiwango kinachopangwa kwa kila mji na Tume ya Kimataifa ya Utumishi wa Umma. Risiti ya hoteli si sharti. Hata mpagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, alipewa posho yake ya vitambaa au shanga, akajitafutia chakula na pa kujilaza. Kwa kanuni zenu, msafara ule usingevuka mto wa kwanza. Ungekuwa bado unasubiri fakture ya mti wa kwanza waliolala chini yake.

Na ili msidhani kuwa risiti ndiyo dawa, someni habari za Uingereza. Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph lilianika madai ya wabunge waliokuwa wakilipiwa nyumba ya pili kwa sababu wanafanya kazi mbali na kwao, yaani wenzangu kabisa. Mmoja aliomba pauni 1,645 kwa ajili ya kibanda cha bata kinachoelea bwawani. Katika orodha ya mwingine mlikuwa na gharama za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake. Dai la kibanda lilikataliwa, na mwaka huohuo ikaundwa mamlaka mpya ya kuyasimamia malipo ya wabunge. Lakini liangalieni faili lenyewe kwa jicho lenu la kihasibu: namba zimetimia, bei imeandikwa, muuzaji anajulikana. Bata yule angepita kwenu asubuhi na mapema, mimi nikiwa bado nimeshika daftari la mjukuu.

Ombi langu ni moja. Nipeni imani ya mkurugenzi, hata kama ni kwa robo ya bei yake. Wekeni kiwango cha kulala kwa kila mji, kilinganisheni na bei za leo, mnilipe, na usingizi niachieni mwenyewe. Mkikataa, basi tumeni mtu wa idara aje alale chumba cha pili kwa yule mama, anishuhudie kwa macho yake. Nimeshamwulizia, na chumba kiko wazi. Ila aje na hati ya misheni, aje na blanketi lake lenye namba, na asimwulize risiti.

Wenu katika utumishi wa waya,
Fundi wa Bwiza

Nakala:
Mkurugenzi, kwa taarifa, akiamka.
Mama mwenye nyumba, Gitega, aibandike kwenye daftari.
OBR hawakupelekewa nakala, maana mama yule hajanikosea lolote.