Jinsi ya Kuwalaza Marafiki Wanane Nairobi kwa Bei ya Kutupa

Anza kwa kufungua kundi la WhatsApp. Lipe jina la fahari, kisha uliza swali moja tu: tulale wapi? Utapata majibu arobaini na hakuna hata moja litakalotaja kitanda. Mmoja atatuma picha ya nyama choma. Mwingine atasema twende Hilton, na itakubidi umweleze polepole, kama anayepewa habari ya msiba, kwamba Hilton ile ya mnara wa mviringo ilifungwa mwishoni mwa 2022, ingawa sote bado tunaagana kukutana "hapo Hilton". Zamani wasafiri waliachiana vikaratasi kwenye mgunga wa mkahawa wa hoteli ya Stanley. Mti ule ulikuwa na adabu zake: hakuna aliyeweza kuubandikia ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Sasa chagueni siku. Hoteli za mjini, Upper Hill na Westlands huishi kwa watu wa warsha. Jumatatu hadi Alhamisi zimejaa watu wenye beji shingoni wanaolipiwa na mfadhili. Ijumaa mchana wanarudi makwao, na bei mara nyingi inawafuata. Mwenye akili timamu hupanga Ijumaa na Jumamosi. Ninyi mtapanga Jumatano, kwa sababu kuna mmoja wenu anayefanya kazi benki na Jumamosi ana zamu. Huyo ndiye atakayekosa kuja.

Ukiona chumba cha shilingi 8,000 mtandaoni, kipige picha uitume kundini upesi kabla hujasoma maandishi madogo ya chini. Huko chini ndiko iliko VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na elfu nane yako imekuwa 9,440. Hiyo 1,440 juu ya kila chumba ni yako peke yako. Usijisumbue kueleza. Ulishasema elfu nane.

Kuna njia inayofaa kweli, na ninaitoa kwa shingo upande: pigia hoteli yenyewe simu. Tovuti za kuuza vyumba hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo meneja ana nafasi ya kukupunguzia bila kuumia. Uliza pia bei ya mkaazi, mje na vitambulisho, na mwombeni yule aliyerudi kutoka Doha asifungue mdomo pale mapokezi. Kiingereza chake kinatugharimu. Mimi nilipopiga, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Dada, habari ya kazi? Naulizia bei ya kundi."

"Nzuri, karibu sana. Mnataka vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Bei ya kundi inaanzia vyumba kumi."

"Tunaweza kuwa kumi."

"Mnaweza kuwa, ama mko?"

Nilinyamaza. Akanipa kifungua kinywa bure, nadhani kwa huruma.

Kuhusu mahali, amini kila kinachoandikwa. Wakisema "Westlands", utashuka matatu pale makanga anapoita Kangemi. "Dakika kumi hadi mjini" ilipimwa alfajiri ya Jumapili, juu ya Expressway, na mtu aliyelipia barabara. Wewe utakuwa Waiyaki Way jioni, mvua inanyesha, ukitazama taa nyekundu za gari moja kwa muda wa kutosha kulipatia jina. Chumba cha karibu na Woodvale Grove kitakuwa nafuu kwa sababu besi ya vilabu huchezesha vioo vya dirisha mpaka kuche, lakini kwa kundi lenu hiyo si kasoro. Ni nani kati yenu alikuja kulala?

Au nendeni Kilimani, mkakodi nyumba ya siku mbili. Mwenye nyumba hamtamwona. Ufunguo anao soja, na sharti limebandikwa mlangoni: wageni wasizidi wanne. Ninyi mko wanane. Ingieni wawili wawili, kila baada ya robo saa, kila jozi ikimsalimu soja kana kwamba imepotea na inatafuta ghorofa nyingine. Jozi ya tatu ibebe mkate. Mtu mwenye mkate hashukiwi. Soja atawahesabu bila kusema neno, na asubuhi atawauliza, kwa heshima zote, kama nyinyi wanane mmelala salama.

Limebaki suala la pesa. Kila mtu atatuma dole gumba, na dole gumba halina namba ya M-Pesa. Ukimdai mmoja atakujibu, "Nilipie tu, nakutumia Ijumaa," bila kutaja ni Ijumaa ya mwezi gani. Aliye mwaminifu atatuma fungu lake kamili lakini asiweke ya kutoa. Wewe lipia vyote kwa Fuliza, na uchague ile ofa isiyorudishwa pesa, maana ndiyo iliyoshuka zaidi.

Nilifanya hivyo mara ya mwisho. Vyumba vinne, Westlands, bei ambayo mpaka leo naitaja kwa sauti. Wanane tukawa kumi na mmoja: mmoja alikuja na binamu, mwingine akaja na mchumba na mdogo wa mchumba. Hoteli haikuruhusu watu watatu kitandani, na mwenyeji hawezi kumfukuza mgeni. Waliokosa nafasi ikabidi wajilipie chumba cha tano, kwa bei isiyo na ofa, nami nikampisha binamu kitanda changu. Saa sita usiku nikabisha kwa shangazi, Kangemi.

"Mwanangu, si ulisema mna hoteli?"

"Tunayo, shangazi. Tena tumepata ofa."

"Ngapi?"

Nikamtajia. Akaguna, akaenda kuniletea blanketi.